Hewa Tunayoivuta Inakwenda Kufanya Nini?

Maneno haya niliyasema kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule moja ya kata iliyo kando ya ziwa, hapa Kigoma. Niliombwa dakika 20, nikatumia karibu 40, na pilau ikapoa. Wazazi kadhaa waliomba maandishi, kwa hiyo nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, pamoja na walionikatiza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule na walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu ambao leo mashati yenu yamenyooka kuliko siku zote za miaka minne: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Itifaki imezingatiwa.

Nimeambiwa niwape wahitimu nasaha. Nasaha wamepewa tangu saa tatu asubuhi, kwa hotuba, kwa ngonjera na kwa kwaya. Mimi naomba niwafundishe kipindi kimoja cha mwisho. Nilifundisha baiolojia miaka 26 kabla ya kustaafu, na kuna mada moja niliyoifundisha vibaya kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Leo nimekuja kulipa deni, tena kwa Kiswahili, ili na mama aliyewapa nauli ya kuja shule naye asikie alikuwa analipia nini.

Nianze na swali. Mtu alikuwa mnene, akakonda. Kilo 10 za mafuta hazimo tena mwilini. Zimekwenda wapi?

Nasikia "jasho". Huko nyuma kuna aliyesema "chooni", na wenzake wanamcheka, lakini msimcheke, amejibu kwa ujasiri. Kijana hapa mbele anasema zimegeuka nguvu. Huyu amekosea kosa la kisomi. Nguvu zimetoka, ni kweli, lakini mafuta ni vitu, yana uzito, na kila atomu iliyokuwa ndani yake mpaka sasa ipo mahali fulani. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia waliwauliza swali hilihili madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi, na wengi wao wakakosa kama ninyi. Kisha wakapiga hesabu. Katika kila kilo 10 za mafuta ambayo mwili umeyatumia, kilo 8 na zaidi zinatoka kama hewa ya kabonidayoksaidi, na zinazobaki, kilo moja na nusu hivi, zinatoka kama maji. Yaani sehemu kubwa ya kitambi hutokea puani.

Mama yangu pale ameshika shavu. Ndiyo mama, ni puani. Lakini usiende nyumbani ukakaa kwenye mkeka unahema haraka haraka ili upungue. Utapata kizunguzungu na kitambi utakuwa nacho palepale. Hewa hiyo haitengenezwi na mapafu, mapafu ni mlango tu. Inatengenezwa ndani, kwenye seli, na huko ndiko niliposhindwa kuwapeleka watoto wa watu.

Niliandika ubaoni, mwaka baada ya mwaka, kwamba kupumua ni kuingiza hewa na kuitoa. Kipindi kinachofuata naandika: glukosi jumlisha oksijeni, tunapata kabonidayoksaidi, maji na nishati. Watoto wakakariri kwa Kiingereza, wakapata alama, tukaendelea na mada ya mifupa. Siku moja binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, oksijeni ikishafika kwenye seli, inafanya nini hasa?" Nikamjibu inaunguza chakula. Akauliza, "Sasa mbona hatuungui?" Nikamwambia akae chini.

Sikuwa na jibu. Kukaa chini ndilo lilikuwa jibu.

Nijitetee kidogo. Niliyoyasema hayakuwa uongo mtupu, maana yalisemwa na mtu mkubwa kuliko mimi. Mfaransa Antoine Lavoisier, akisaidiana na mwenzake Laplace, majira ya baridi ya mwaka 1782 kwenda 1783, alimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Akapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la yule mnyama, akapima na hewa aliyoitoa. Akachoma mkaa mpaka ukatoa hewa ileile kiasi kilekile, akalinganisha barafu iliyoyeyuka. Hesabu zikakaribiana. Akasema kupumua ni kuungua, ila kuungua polepole. Miaka kama 11 baadaye, mwaka 1794, mapinduzi ya kwao yakamkata kichwa, kwa mambo ya ukusanyaji kodi, si kwa sababu ya simbilisi.

Hesabu yake ni sahihi mpaka leo. Ugali ukiuunguza jikoni au ukiula, jumla ya nishati ni ileile. Gramu moja ya wanga inatoa kilokalori 4 hivi, na gramu moja ya mawese yetu 9, ndiyo maana ukitia mawese ya kutosha kwenye sombe, yaani kisamvu, njaa inachelewa kurudi. Lakini kujua jumla ya safari si kujua njia iliyopitwa.

Wazee wangu mnaijua meli yetu, Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, ikazamishwa wakati wa vita mwaka 1916, ikaibuliwa, na tangu 1927 ikarudi kazini kwa jina hilo tunalolijua. Kabla haijafungwa injini za dizeli miaka ya 1970, ilikwenda kwa mvuke. Mvuke ni hivi: unachoma, unapata joto, joto linachemsha maji, mvuke unasukuma. Joto ndilo linalofanya kazi. Sasa niambieni, ndani ya mkono wangu huu kuna boila gani? Mwili wangu kwa ndani una nyuzijoto 37 hivi, mchana na usiku. Hakuna kinachochemka. Na kikichemka nimekwisha, kwa sababu protini za seli zitaganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Kwa hiyo binti yule alikuwa na haki. Hatuungui. Seli inachukua nishati bila kuipitisha kwenye joto kwanza. Joto tunalolisikia tukigusana ni nishati iliyoiponyoka seli njiani, na inayoiponyoka ni nyingi, zaidi ya nusu.

Inafanyaje? Hapa ndipo naomba mniazime masikio, hata walio karibu na sufuria.

Ugali ukishasagwa na kumeng'enywa unabaki glukosi, sukari ndogo yenye kaboni sita, inayobebwa na damu mpaka kwenye seli. Ikiingia, vimeng'enya kumi, yaani protini zinazoharakisha kemia ya mwili, vinaishughulikia kwa zamu, kila kimoja kazi yake moja, mpaka inakatika vipande viwili vya kaboni tatu tatu. Vipande hivyo vinaitwa piruvati. Mpaka hapo oksijeni haijaguswa hata kidogo, na mapato ni haba. Kisha piruvati inaingia kwenye vijumba vidogo ndani ya seli vinavyoitwa mitokondria. Humo kaboni zinanyofolewa moja moja na kutupwa nje kama kabonidayoksaidi. Hizo ndizo zile kilo nane za puani. Mzunguko unaozinyofoa aliufumbua Hans Krebs, Myahudi aliyefukuzwa kazi Ujerumani na utawala wa Hitler, akahamia Uingereza, na mwaka 1937 akaupanga mzunguko huo wote. Jarida kubwa alilolipelekea likamwambia halina nafasi. Mwaka 1953 akapewa Nobel. Wahitimu, mkikosa nafasi mahali mkumbuke barua ile. Nilisema sitoi nasaha, hiyo imeniponyoka.

Lakini kaboni ni makapi. Kilichokuwa kinatafutwa kwenye chakula ni elektroni, zile chembe ndogo zinazozunguka kiini cha atomu. Kila inaponyofolewa kaboni, na elektroni zinavuliwa na kupelekwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, ambako zimesubiriwa na protini zilizojipanga.

Twendeni mwaloni Kibirizi alfajiri. Mtumbwi umerudi, umelemewa na dagaa, hauwezi kufika mchangani. Watu wanajipanga majini, mmoja hapa, mwingine pale, wanapokezana matenga mpaka nchi kavu. Wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu. Yule wa mwisho kasimama mchangani. Habebi umbali wowote. Hajalowa hata magoti. Ukimtazama utasema huyu analipwa bure. Kazi yake ni moja: kupokea na kutua chini. Mwondoe sasa. Aliye mbele yake amebaki na tenga kichwani hana wa kumpa. Wa nyuma yake naye vilevile. Mstari wote umesimama, mtumbwi umejaa, na dagaa haishuki hata moja.

Yule wa mwisho ndiye oksijeni.

Binti yangu, popote ulipo, hilo ndilo jibu lako, limechelewa. Oksijeni haiunguzi ugali. Haikutani na ugali kabisa. Inasimama mwisho wa mstari kupokea elektroni ambazo zimechoka, zimeshatoa nishati yake kwa kila aliyezipokea njiani. Ikishazipokea inaungana na haidrojeni inakuwa maji. Kila siku mnatengeneza kama theluthi ya lita ya maji namna hiyo, maji ambayo hamkuyanywa popote. Na hewa yote mnayoivuta tangu mmezaliwa, vifua vyote hivi vinavyopanda na kushuka chini ya turubai hili, karibu yote ni kwa ajili ya kuhakikisha yule wa mchangani hakosekani.

(Hapa mzee mmoja alisema, "Kwa hiyo sisi ni vibarua wa yule aliyekaa." Watu wakacheka, nami nikapata nafasi ya kunywa maji.)

Sasa nishati yenyewe. Tenga linapopita mkono kwa mkono, protini zile zinatumia nguvu inayotoka kusukuma protoni, chembe ndogo za haidrojeni, kutoka upande mmoja wa utando kwenda wa pili. Zinarundikana huko. Zinataka kurudi, na utando hauzipitishi. Walioko upande wa Uvinza wanaujua Malagarasi na maporomoko ya Igamba, na wanajua kwa nini wataalamu wa umeme wanayatamani. Maji yaliyo juu yana deni la kushuka. Ukiyapa njia moja tu ya kushukia, na kwenye njia hiyo ukaweka gurudumu, gurudumu litazunguka. Kwenye utando wa mitokondria kuna gurudumu. Silisemi kwa mfano. Kuna protini yenye mhimili unaozunguka kweli, protoni zikiteremka kupitia humo. Mwaka 1997 watafiti wa Japani waliufunga mhimili huo uzi mdogo sana unaong'aa, wakatazama kwa hadubini, wakauona uzi unazunguka kama feni. Bila mzigo huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Mnayo mengi yasiyohesabika, yanazunguka sasa hivi, hata kwa wale waliosinzia.

Aliyesema habari ya bwawa la protoni ni Mwingereza Peter Mitchell, mwaka 1961. Wenzake hawakumwelewa kwa miaka mingi. Walikuwa wanatafuta kemikali fulani ya katikati inayobeba nishati, wakaitafuta na kuitafuta, kumbe haikuwepo. Mitchell alitoka chuo kikuu kwa maradhi, akakarabati nyumba ya kale huko Cornwall, akaifanya maabara. Nobel yake ilikuja 1978.

Gurudumu likizunguka linatengeneza kitu kinaitwa ATP. Wahitimu mnaijua kwa herufi, sijui kama mnaijua kwa kazi. Gunia la dagaa haliingii sufuriani. Mama wa nyumbani anataka fungu, na fungu linatosha mboga ya leo. Glukosi ni gunia, ATP ni fungu. Msuli ukitaka kujikunja, neva ikitaka kupeleka habari, figo ikitaka kurudisha chumvi kwenye damu, vyote vinanunua kwa fungu. Glukosi moja, mstari ukiwa umekamilika, inatoa mafungu 30 au 32. Madaftari yangu ya zamani yanasema 38, na vitabu vingi bado vinasema hivyo. Zilikuwa hesabu za kabla hatujajua protoni ngapi zinavuja na ngapi zinatumika kwa shughuli nyingine. Kwenye mtihani andikeni linaloandikwa kwenye kitabu chenu, lakini mjue. Na mafungu hayawekwi ghalani. Mwili mzima, wakati wowote, una ATP ya robo kilo hivi, pengine chini ya hapo, na kwa siku unatumia inayokaribia uzito wako wenyewe. Maana yake kila fungu linauzwa, linarudishwa, linafungwa upya, mamia ya mara kabla ya jua kuzama.

Nije kwenye muhogo. Hili ndilo hasa lililonifanya nikubali mwaliko.

Tunakula ugali wa muhogo, na mihogo mingine ni michungu. Mama zetu waliimenya, wakailoweka siku tatu au zaidi mpaka ikalainika, ndipo wakaanika na kutwanga. Mtoto ukiuliza kwa nini usipike leo, unaambiwa utakufa. Wapo vijana siku hizi wanaona ni kupoteza muda. Sikilizeni. Muhogo mchungu umehifadhi kitu kinaitwa linamarini, na mahali pengine palepale kwenye mnofu wake umehifadhi kimeng'enya cha kukikata. Vikiwa vimetengana, hakuna kitu. Panya akitafuna, vinakutana, na inazaliwa sianidi. Ni mtego wa mmea kwa mlaji. Bibi anapoloweka, anautegua mtego kabla ya kula: mnofu unalainika, vile viwili vinakutana ndani ya maji, sianidi inatoka, nyingine inakwenda na maji, nyingine inapaa na hewa wakati wa kuanika. Kutwanga sombe kabla ya kuchemsha ni hesabu ileile. Na ukiutupa muhogo mchungu mzima kwenye maji yanayochemka ukidhani moto utamaliza sumu, unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu inabaki imejificha ndani. Kwa hiyo bibi, ambaye hakusoma kemia hata siku moja, alikuwa anapangilia kemia kwa mpangilio sahihi.

Na sianidi inamfanya nini mtu? Inakwenda mwaloni. Inapita watu wote wa mstari, haiwagusi, inamkamata mikono yule anayemkabidhi oksijeni. Basi. Oksijeni kasimama mchangani mikono imenyooka, mapafu yanavuta hewa, moyo unasukuma damu, na hakuna tenga linalofika. Damu inarudi kutoka viungoni bado nyekundu ya kung'aa kwa sababu oksijeni iliyobebwa hakuna aliyeitumia. Mtu anakosa pumzi huku amejaa pumzi. Siku niliyoelewa hilo ndiyo siku nilipoelewa kwamba kupumua si kazi ya kifua.

Hiyo ni sumu ya wingi, ya mara moja. Kidogo kidogo kila siku nako kuna balaa lake. Kuna ugonjwa unaitwa konzo, jina la Kiyaka huko Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Watu wanaokula muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka kwa wiki nyingi, wakati wa ukame au vita, na protini hawana, ghafla miguu inakakamaa wala hairudi. Umeonekana Kongo, Msumbiji, na hata Tanzania. Angalieni neno nililolisema: protini hawana. Mwili unajua kuisafisha sianidi kidogo kwa kuiunganisha na salfa, ikawa kitu chenye makali madogo zaidi kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini, na samaki anayo ya kutosha. Ugali wa muhogo na dagaa si mazoea ya umaskini, jamani. Dagaa pale kwenye sahani ana kazi mbili.

Haya, mkuu wa shule ananionyesha saa. Nifupishe.

Yule wa mchangani akichelewa tu, hajakosekana, inakuwaje? Kijana akikimbia mita 100 pale uwanja wa Lake Tanganyika, misuli inataka mafungu haraka kuliko damu inavyoleta oksijeni. Mstari unajaa. Seli inafanya ujanja: tenga linarudishwa lilikotoka, elektroni zinatwishwa piruvati ileile, inakuwa asidi laktiki, na ule ukataji wa mwanzo unaendelea, mafungu mawili tu kwa kila glukosi badala ya thelathini. Unatumia sukari nyingi kwa mapato ya aibu, lakini unamaliza mbio. Na tafadhali, yale maumivu ya kesho yake na keshokutwa si asidi laktiki. Hiyo imeshaondoka ndani ya saa moja au mbili, nyingine moyo wenyewe umeila. Maumivu yanatokana na misuli iliyojeruhiwa kidogo. Walimu wa michezo wananiangalia vibaya.

Hamira inafanya ujanja huohuo kwa namna yake. Ikikosa oksijeni ndani ya unga uliofunikwa, mwisho wake unakuwa kilevi pamoja na hewa. Hewa inaumua donge, kilevi sehemu kubwa inapaa kwenye mafuta ya moto. Masheikh wangu wa Ujiji msinikimbie, maandazi ni halali yenu na nimeyala asubuhi. Ndugu zetu wa Kasulu wanaofunika pombe ya ndizi wasiingize hewa wanajua upande wa pili wa habari hiyo. Hamira ikipata hewa ya kutosha, na sukari isiwe nyingi, inaona heri ijipumulie na kukua kuliko kuwahangaikia wanywaji.

Jingine dogo, kwa akina baba. Mitokondria zilikuwa bakteria huru, zamani mno, zikaingia ndani ya seli nyingine zikabaki. Lynn Margulis wa Marekani alilitetea hilo mwaka 1967 baada ya majarida mengi kumkataa. Bado zina vinasaba vyake zenyewe, na hivyo mtoto anavirithi kwa mama. Za baba hazirithiwi. Ada mlilipa, nguvu alitoa mama yao.

Nilikuwa nimefunga karatasi zangu mzee wa Katonga aliposimama bila kupewa nafasi. Amevua miaka yote kwa karabai, na sasa kwa taa za sola. Akasema, "Mwalimu, ziwa hili tunaambiwa lina kina cha kutisha, na samaki wetu wote wako huku juu. Huko chini hakuna mtu wa mchangani?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa darasani. Nikamwambia: Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Maji ya juu yanapigwa jua, yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale mazito ya chini, na hayachanganyiki mpaka chini kabisa. Oksijeni inayoingia kwa upepo na kwa mimea ya majini inashuka mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea uko kaskazini au kusini, kisha inakwisha, kwa sababu kila kinachokufa na kuzama huoza na kuitumia. Kutoka hapo mpaka chini, zaidi ya kilomita nzima ya maji, dagaa hawezi kuishi wala mgebuka.

"Hakuna kitu kabisa?"

Kipo, mzee wangu. Wapo bakteria. Wana mstari wao, wanapokezana kama sisi.

Akafikiri kidogo. "Basi mchangani kasimama mtu mwingine."

Kasimama salfeti, chumvi yenye salfa, nikamwambia. Anapokea. Ila malipo yake madogo, na risiti yake inanuka yai viza.